Mfalme Aliyemfuata Kondoo

Naweka dau farasi wangu mwekundu, na tandiko lake juu, kwamba hakuna mtu atakayeiamini habari hii. Naweka bila wasiwasi. Anayemfahamu Ketill wa Hóll hataamini, na asiyemfahamu atasema natunga. Farasi wangu halali nje leo.

Ketill alizaliwa Hóll, kwenye nyumba ileile anayolala mpaka sasa, na kwa maneno yake mwenyewe, kitu cha kwanza alichofanya alipotoka tumboni ni kumkosoa mkunga. Shule aliiacha ana miaka kumi na tatu. Mwalimu alimkamata kaficha chini ya dawati kitabu cha alama za masikio, kile ambacho kila mkulima wa bonde ameandikisha namna anavyoyakata masikio ya kondoo wake. "Unasoma nini wewe?" Ketill akakifunga kitabu, akasimama, akazitaja alama zote kwa kichwa, shamba kwa shamba, sikio la kulia kwanza halafu la kushoto, kisha akatoka kwenda kukata majani ya ng'ombe. Hakurudi tena. Ukimuuliza kwa nini, anakujibu, "Ningerudi kufanya nini? Kumfundisha mwalimu?"

Alipofika miaka arobaini na minne wakamfanya Mfalme wa Mlima. Sasa hapo ndipo kichwa kilipovimba mpaka kofia zikagoma. Maana kila Septemba, kondoo waliokula kiangazi chote huko juu bila mtu wanashushwa, bonde zima linapanda, na huko mlimani neno la mfalme ndilo sheria. Awe daktari, awe mbunge, akishapanda tu anapangwa anapopangwa na kunyamaza. Ketill amepanga watu miaka kumi na tisa. Amewahi kumpanga baba mkwe wake kwenye dimbwi.

Na kama hiyo haitoshi, kanisani pia yeye. Mwenyekiti wa kamati ya kanisa miaka ishirini na miwili. Benchi la mbele kulia ni lake, lina mto wa sufu ambao Oddný, mkewe, alimfumia ili akome kulalamikia mgongo. Matangazo yake ni marefu kuliko mahubiri. Kuna mchungaji mmoja, miaka ile, alisinzia Ketill akitangaza kikao cha kupaka rangi uzio. Wachungaji wanne wamekuja wakaondoka, Ketill yupo.

Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ni ile ya kumvika mchungaji. Kwetu mchungaji havai joho la ibada peke yake kule nyuma. Anavikwa palepale mbele ya madhabahu, kanisa zima likitazama, na anayemvika ni mtu mwenye heshima zake. Ketill alikuwa anapanda pale taratibu kama meli inayoingia bandarini, ananyanyua joho, anamvika, anamnyoosha mabega, halafu anarudi nyuma hatua moja kumkagua. Wageni walikuwa hawajui mchungaji ni yupi kati yao wawili.

Basi askofu akamleta Hallbera.

Hallbera ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, mfupi, madoadoa uso mzima, na sauti yake ukikaa benchi la nyuma unaisikia kwa shida. Aliletwa kwa mwaka mmoja wa kujaribiwa. Mwaka ukiisha, kamati inaandika neno lake: abaki, au aende. Na alipenda abaki. Alikuwa ameshapaka rangi jikoni kwenye nyumba ya mchungaji, ameshanunua kondoo saba, na Steinvör, bibi wa miaka themanini na sita anayeishi karibu na kanisa, alikuwa ameshampa kondoo wa nane. Kwetu mtu akishakupa kondoo, huyo kakupa ukoo.

Ketill alimpokea vizuri mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili alimkuta anafagia ngazi za kanisa.

"Mchungaji, tuna mtu wa kufagia."

"Namjua. Anaumwa kiuno," akasema Hallbera, na fagio likaendelea.

Mwezi wa tatu, Jumapili, Ketill kasimama, kashusha koti vizuri, anataka kupanda kumvika mchungaji, Hallbera akageukia mabenchi ya nyuma akasema kwa kile kisauti chake, "Leo Bjartmar atanisaidia, kama Ketill ataniruhusu."

Bjartmar! Dereva wa lori la maziwa! Mjumbe wa kamati, ndiyo, lakini alikuwa ametoka kwenye mzunguko wake na harufu ya maziwa mabichi. Alilivaa lile joho mkono mmoja yeye mwenyewe kabla hajaelewa ni la nani. Watu wakacheka, mchungaji akacheka, kanisa likawa kama limefunguliwa dirisha. Na Jumapili iliyofuata akaitwa binti wa kipaimara. Iliyofuata, Steinvör na fimbo yake.

"Hana uzito huyu," Ketill alimwambia mkewe siku hiyo, chakula cha mchana kinapoa.

"Nani?"

"Kiongozi anatakiwa atangulie, Oddný. Aonekane! Huyu ukiingia kanisani unamtafuta kama sindano."

"Unamtafuta yeye au mto wako?"

"Usinichekeshe."

"Sikuchekeshi, Ketill wangu. Nakuuliza tu unalilia kanisa au unalilia joho."

Ketill akachukua kiazi cha moto akajiunguza ulimi.

Kufika Agosti barua ilikuwa imeandikwa. Kwa mkono wake, kurasa mbili, akaipitisha kwa wajumbe wanne wa kamati mmoja mmoja, na wote walikubali, maana nani anataka kubishana na Ketill? Kilichobaki ni sahihi. Walipanga kuitia sahihi siku ya kuchambua kondoo, kila shamba likichukua wake, wote wakiwa pamoja, na kesho yake iende kwa askofu. Hallbera alijua. Bonde letu likipiga chafya upande huu, upande wa pili wanakutakia afya njema.

Na Septemba ilipofika, akaja na buti zake kusema naye anapanda mlimani.

Ketill alifurahi mpaka akamkaribisha ugoro. "Mchungaji! Karibu sana. Nitakupanga mkiani."

Wakulima waliokuwepo wakatazamana. Mkiani ni nyuma ya wote. Kule kondoo viwete, wanakondoo waliochoka, kinyesi cha kundi zima, na mtu anatembea kwa miguu siku mbili akiokota waliobaki. Hupangwa mkiani mlevi wa mwaka jana.

"Mkiani," akasema Hallbera. "Sawa, Mfalme. Nikiwa na swali nimuulize nani?"

"Kondoo," akasema Ketill, na watu wakacheka mpaka farasi wakashtuka.

Wakapanda. Siku ya kwanza jua, nyimbo, samaki mkavu na siagi juu ya tandiko, mbwa wanaruka kama wamelipwa. Walifika kibanda cha juu mapema wakalala. Asubuhi ya siku ya pili Ketill akasimama juu ya jiwe akawapanga: wewe ukingo ule, wewe kando ya ziwa, Bjartmar na pikipiki yako ya magurudumu manne upande wa magharibi na usikimbize kondoo kama unawahi kiwandani. Wakatawanyika. Na huo ndio utamu wa maisha yetu, asikudanganye mtu! Unapiga kelele, mlima unajibu, unaona doa jeupe kule, linakuwa mawili, linakuwa ishirini, yanateremka kila upande kama vijito, yanakutana, na mchana wake una mto mzima wa sufu unatiririka mbele yako ukilia. Ketill juu ya farasi wake, katikati, mkono hewani. Hakuna mfalme Ulaya nzima aliyejisikia hivyo siku hiyo.

Saa nane mchana upepo ukageuka kaskazini.

Kwanza ukungu, halafu theluji, ile ya kulala ubavu, inayokujia usoni kama mtu anakumwagia chumvi. Kufumba na kufumbua, Ketill haoni masikio ya farasi wake. Lakini yeye kwa theluji si mgeni. Chini yao kulikuwa na genge, mwamba uliokatika wima, na mto chini ya genge, na njia mbili tu za kuteremkia: kushoto kwenye kivuko, unafuata minara ya mawe waliyoipanga wazee, au kulia juu ya mgongo wa kilima, njia ndefu, ya kuchosha. Baba yake alipita kushoto. Babu yake alipita kushoto.

"Kushotooo!" akapiga kelele, na sauti ikapita kutoka mtu hadi mtu, kushoto, kushoto, mpaka ikapotea nyuma kabisa.

Wakaenda. Mnara wa kwanza wa mawe akauona. Wa pili akauona, au alidhani kauona. Wa tatu hakuuona, akasema moyoni umefunikwa. Wa nne pia umefunikwa. Kundi linasukuma nyuma yake, kondoo elfu na kitu, mvuke unapanda.

Kisha kundi likasimama.

Mbele ya wote alikuwa amesimama Flekka, yule kondoo jike ambaye Steinvör alimpa mchungaji. Flekka ni wa aina ile ya kondoo viongozi. Mwembamba, miguu mirefu, mabakamabaka, pembe kama za shetani mdogo. Nyama yake haimshibishi paka, lakini ndani ya kile kichwa kuna ramani. Wazee walikuwa wanafuga mmoja wa hivyo kila shamba kwa ajili ya siku za theluji. Ketill hafugi. "Mimi nipo," husema.

Flekka kageuka, kaupa upepo mgongo, anamtazama Ketill, na mguu mmoja wa mbele anaupiga chini. Pu. Pu.

"Sogea wewe!"

Pu.

Akamtuma mbwa. Flekka akamtandika mbwa pembe moja ya ubavu, mbwa akarudi chini ya tumbo la farasi akawa hamjui mtu. Kwenye weupe ikasikika sauti ya Bjartmar, "Mfalme, vipi huko? Tumefika?"

"Songeni!" akajibu Ketill. "Songeni tu!" Lakini sauti ilimtoka nyembamba, akakohoa ili watu wadhani ni baridi.

Akaona kitu kifupi kinatoka kwenye theluji kikipita ubavuni mwa kundi. Hallbera. Kutoka mkiani mpaka pale, kwa miguu, sweta limeganda limekuwa ubao, na ndani ya koti kichwa cha mwanakondoo kinachungulia. Hakupiga kelele. Alikuja mpaka kwenye goti la Ketill, akaushika mkanda wa tandiko, akanyanyua uso. Kile kisauti kidogo ambacho kanisani hakifiki nyuma, hapa kilimfika Ketill peke yake. Hakuna mwingine aliyesikia neno.

"Ketill wangu, Flekka hataki."

"Mimi siombi ruhusa kwa kondoo."

"Najua. Wewe ndiye unaamuru huku. Mimi nakuletea tu aliyoniambia Steinvör. Akisimama hivi na kupiga mguu, mbele hakuna ardhi."

"Baba yangu alipita hapa!"

"Labda si hapa," akasema Hallbera.

Ketill akatazama. Nyuma yake watu kumi na sita waliokuwa wanamngoja, asiwaone lakini anawajua kila mmoja na mdomo wake. "Nikigeuza sasa hivi," akasema, na hajui kwa nini alimwambia huyu, "watasema nini?"

"Watasema utakachowaambia. Sema umeamua." Akampangusa farasi theluji machoni. "Mimi narudi mkiani, nimeacha viwete wawili kwenye mawe."

Akaondoka! Hakungoja kuona kama ameshinda. Ketill alimtazama mpaka weupe ukammeza, na hasira zikampanda, maana angekaa abishane naye ingekuwa rahisi zaidi.

Akashuka kwenye farasi. Akampita Flekka, fimbo mbele. Hatua moja. Mbili. Tatu, nne, tano. Ya sita, fimbo ikazama mpaka kwenye ngumi yake, na chini haikugusa kitu. Akaivuta. Kwenye tundu iliyobaki, chini, chini kabisa, akasikia mto.

Alikuwa amesimama juu ya theluji tupu iliyoning'inia kwenye mdomo wa genge. Yeye, na hatua tano nyuma yake kondoo elfu na watu kumi na sita aliowaambia songeni.

Alirudi kinyumenyume, mguu ukitafuta alama ya mguu. Alipomfikia Flekka, huyo kondoo akageuka tu, akaanza kutembea kulia, bila haraka, kama mtu anayekwenda kwa jirani.

"Waacheni kondoo!" akaita Ketill, na safari hii sauti ilitoka yote. "Msiwasukume! Mfuateni Flekka! Kulia, kuliaaa! Mfalme ameamua!"

Na wakafuata. Bonde zima, farasi, mbwa, pikipiki ya Bjartmar, mbele kondoo mmoja mwembamba na nyuma yake Ketill kashika hatamu anatembea kwa miguu kama mtoto wa shule. Kwa muda wa saa mbili na nusu juu ya mgongo wa kilima, wanaimba ili wasipoteane, mstari mbele, kiitikio nyuma, na kutoka nyuma kabisa kiitikio kilikuwa kinafika kimechelewa na chembamba, lakini kilikuwa kinafika. Kabla giza halijaingia theluji ikakatika ghafla na kibanda cha chini kile pale, moshi unatoka! Watu walikumbatiana. Bjartmar alilibusu bomba la moshi la pikipiki yake akaungua mdomo. Hakupotea kondoo, hakupotea mbwa.

Wa mwisho kufika alikuwa Hallbera, na viwete wake wawili, na yule wa ndani ya koti. Akaulizia kahawa.

Siku ya tatu wakateremsha kundi bondeni, na siku ya nne, zizi la kuchambulia! Ee bwana! Zizi la duara, katikati uwanja, pembeni vyumba kama keki iliyokatwa, kila shamba na chumba chake, na watu wametoka hata mjini. Unamkamata kondoo pembe, unamwingiza katikati ya miguu, unasoma sikio, unamkokota kwao. Matope mpaka magotini. Watoto wanapanda kondoo, wazee wanapanda ukuta, chupa inapita mkono kwa mkono, supu ya kondoo inatokota kwenye masufuria makubwa, na habari ilikuwa imeshatangulia: Mfalme kaona genge ndani ya theluji! Kaona kwa macho! Kageuza kundi hatua tano kabla ya kifo! Bjartmar, mdomo umevimba, alikuwa ameshatunga na shairi:

"Mfalme macho makali, huona penye ukungu,
katushusha kwa akili, hatukuona machungu!"

Watu wanaitikia, wanampiga Ketill mgongo. Na Ketill, sitadanganya, asubuhi ile aliipokea yote. Aliipokea kwa mikono miwili. Wa kwanza alimwambia genge lilikuwa hatua tano mbele. Wa tatu akamwambia tatu. Alikuwa anaelekea mbili.

Mgema akisifiwa, mnajua wenyewe.

Oddný alikuwa anagawa supu. Akamtazama mumewe. "Umekula bakuli moja."

"Nimeshiba."

"Ketill, wewe hujawahi kushiba bakuli moja tangu tuoane. Ulikula matatu siku ya msiba wa mama yako. Kuna nini?"

"Hakuna."

"Haya," akasema Oddný, akampa mtu mwingine lile bakuli la pili, na hilo lilimuuma Ketill kuliko kuulizwa.

Hapo ndipo Bjartmar alipokuja na barua. Wajumbe wenzake wa kamati nyuma yake, wamechangamka, kalamu iko tayari.

"Mwenyekiti! Tumalize kazi. Na mimi nakwambia kweli, nilikuwa na wasiwasi. Mchungaji mimi nampenda, ananichekesha. Lakini baada ya juzi? Umetuonyesha kiongozi ni nini! Umeandika hapa, 'Kiongozi atangulie, aonekane.' Na nani alitangulia? Na nani alifika wa mwisho, na mwanakondoo kwenye koti kama kifurushi cha posta?" Akamsukuma kwenye ukuta wa zizi, mahali mfalme anaposimama kuwashukuru watu. "Panda uwasomee! Wajue sababu, wasije wakasema tumemwonea."

"Panda! Panda!" watu wakaitikia, hata wasiojua ni nini. Wengine walidhani ni shairi jingine.

Ketill akapanda. Karatasi mkononi. Kutoka juu aliona zizi zima, na katikati yake, matope mpaka kiunoni, Hallbera, anakokota dume la Bjartmar lililomshinda Bjartmar mwenyewe. Hakusimama kutazama ukutani. Alijua wanasoma nini. Alikaza tu mikono kwenye pembe akaendelea kukokota, uso chini, na mabega yake ndiyo yaliyosema.

Neno moja tu angesema pale juzi, mbele ya watu, "Ketill katupotosha," leo barua hii isingekuwepo. Angekuwa amebaki na kazi yake, na jiko lake la rangi mpya. Alikuwa nalo neno hilo siku mbili mdomoni. Alikunywa nalo kahawa.

"Soma!" akaita Bjartmar.

Ketill akafungua mdomo. Wanaomjua walijiweka sawa, maana Ketill akifungua mdomo ukutani supu inapoa.

"Mimi sikuona genge," akasema.

Watu wakacheka, wakidhani ni mwanzo wa kisa.

"Sikuona! Nilipoteza mnara wa tatu nikasema umefunikwa. Niliwaambia songeni na mbele hakuna ardhi. Fimbo yangu ilizama mpaka hapa," akaonyesha ngumi. "Aliyejua ni Flekka. Aliyekuja kuniambia ni Hallbera. Katoka mkiani mpaka mbele kwa miguu, kaninong'oneza kwenye goti hili, ili nyinyi msisikie nimepotea. Halafu kaniachia mimi niamuru, akarudi kwa viwete wake. Na mimi asubuhi hii nzima nakula sifa zake kama supu."

Hata kondoo, naapa, walipunguza kelele.

Steinvör, pale ukutani, akagonga fimbo. "Nilikuwa najiuliza," akasema kwa sauti. "Flekka toka lini akamtii Ketill?"

Zizi likapasuka! Kicheko hicho hakijawahi kusikika bonde lile, watu walishikana wasianguke, na Ketill juu pale mwekundu kama farasi wangu, halafu na yeye kikamtoka, kicheko, mpaka machozi. Akaipasua barua mara mbili. "Kamati!" akasema. "Anayetaka abaki anyanyue mkono!" Wajumbe wakanyanyua, wanne, na yeye wa tano, na kwa kuwa hakuna aliyewaambia wengine wasinyanyue, bonde zima likanyanyua, hadi watu wa mjini wasiojua abaki nani. Hallbera alikuwa amekalia matope, dume kaliachia, mikono yote miwili usoni, anacheka au analia, kwa tope lile huwezi kujua.

Bjartmar akamsogelea Ketill chini ya ukuta. Yeye ni rafiki, na hapendi kumwona rafiki yake uchi mbele za watu. Akapaza sauti ili wote wasikie.

"Ngojeni! Jamani, ngojeni! Mfalme huyu mnamdharau bure. Nani alimpanga mchungaji mkiani? Si yeye? Alijua! Alijua nyuma kunataka mtu wa kuaminika, mwenye miguu na mwenye moyo, ndiyo maana akampanga pale. Alishapima kila kitu! Au siyo, Ketill?"

Watu wakageuka kumtazama. Walikuwa tayari kuamini. Ilikuwa habari nzuri, imekaa vizuri, tamu kama kahawa yenye sukari mbili. Hata Oddný alishikilia upawa hewani.

Ketill aliitazama habari ile. Akamtazama na Hallbera, aliyekuwa ameinua kichwa kule kwenye matope.

"Hapana," akasema. "Nilimpanga mkiani ili ashindwe. Nilikosea."